Embe Lisiozee Chini ya Mti: Kujifunza Kuoka Pai za Matunda Nyumbani

Kila mwaka, takriban kuanzia Novemba hadi Machi, maembe hujaa katika Kaunti ya Kilifi. Kutoka Magarini na Malindi hadi Kaloleni na Rabai, maembe ya apple, ngowe, boribo na dodo huiva karibu kwa wakati mmoja. Bei hushuka, wanunuzi huchagua yale yasiyo na doa, na yaliyobaki huliwa mpaka watoto wakayakinai. Mengine huozea chini ya miti.

Pai ni njia mojawapo ya kulitumia embe ambalo halina soko lakini halina ubaya. Inahitaji unga wa ngano, mafuta, sukari kidogo na matunda, vitu ambavyo nyumba nyingi huwa navyo au huvipata katika duka la karibu. Kinachowashinda wengi ni kwamba pai ya kwanza mara nyingi huharibika. Ganda huwa gumu kama kigae, chini huwa mbichi, na maji ya embe hujaa katika kibati. Mpikaji hutazama unga na mafuta yaliyopotea, akasema hana mkono wa kuoka, na huo ukawa mwisho.

Makala haya yanaeleza kwa nini pai ya kwanza huharibika, na jinsi mkazi anavyoweza kujifunza kwa gharama ndogo, akirudia kazi hiyo hiyo mara moja kwa wiki katika msimu mmoja wa maembe.

Mkono wa chapati na mkono wa pai

Mwanzilishi wa Pwani huanza na faida na hasara kwa pamoja. Faida ni kwamba tayari anajua kukanda, kusukuma na kuoka kwa makaa. Hasara ni kwamba amezoea chapati na mahamri, na pai hutaka kinyume chake.

Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa huungana na kuwa nyuzi zinazovutika. Nyuzi hizo huitwa glutini. Katika chapati na mahamri zinatakiwa, ndiyo maana watu hukanda mpaka unga ulainike na kuvutika. Katika pai hazitakiwi kwa wingi. Ganda la pai linapaswa kuvunjika kwa urahisi mdomoni. Likikandwa kama chapati, nyuzi hukaza na ganda likitoka motoni huwa gumu.

Hapo ndipo mafuta hufanya kazi yake. Mafuta yaliyoganda yakisuguliwa na unga mkavu hufunika chembe za unga, na maji yakitiwa baadaye hayapati nafasi ya kujenga nyuzi nyingi. Lakini mafuta yakiyeyuka kabla ya kufika motoni, unga huwa wa kunata na ganda hukosa ulaini wake. Siagi huanza kulainika mapema sana, na kwenye nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi huwa imeyeyuka. Msimu wa maembe ni msimu wa joto, na mchana wa Kilifi hufika nyuzi 30 na zaidi. Kwa hiyo anayekanda pai saa nane mchana karibu na jiko linalowaka ameanza kazi akiwa nyuma.

Dawa yake ni rahisi. Unga wa pai ukandwe alfajiri au asubuhi mapema, kwa maji baridi ya friji au ya mtungi. Mafuta magumu ya kupikia, yale meupe ya kopo, hustahimili joto kuliko siagi, kwa hiyo mwanzilishi asiye na friji aanze nayo. Siagi ataijaribu baadaye, mkono ukishazoea.

Pakiti moja, masomo 13

Sababu kubwa ya watu kuacha ni hofu ya hasara. Ndiyo maana inafaa kujifunza kwa kipimo kidogo. Kikombe cha mililita 250 kilichojazwa unga bila kushindiliwa hubeba takriban gramu 125. Pakiti ya kilo 2 ina vikombe 16 hivi. Ukitumia kikombe kimoja kwa kila somo, pakiti hiyo inatosha masomo 12, na vikombe vinne vinavyobaki vinatosha pai moja kubwa ya kufunika na unga wa kunyunyiza kibaoni. Mafuta ya nusu kilo yanatosha masomo 8.

Kipimo cha somo moja ni hiki:

- Unga wa ngano wa kawaida, kikombe 1. Ule wa kujiumua haufai.
- Mafuta magumu, robo kikombe, yaani takriban gramu 60.
- Chumvi, kiasi cha kushika kwa vidole viwili.
- Maji baridi, vijiko vikubwa 2 hadi 3.

Unga na chumvi vichanganywe katika bakuli pana. Mafuta yakatwe vipande vidogo, kisha yasuguliwe na unga kwa ncha za vidole, si kwa kiganja, kwa sababu kiganja kina joto. Kazi hii isizidi dakika 5. Mchanganyiko ukifanana na chenga za mkate, huku vipande vichache vikiwa na ukubwa wa kunde, inatosha.

Maji yatiwe kijiko kimoja kimoja, na mchanganyiko ukusanywe kwa kisu au uma. Mara chenga zinaposhikana zikibanwa mkononi, maji yasiongezwe tena. Unga ukusanywe uwe donge moja, ufunikwe, upumzishwe mahali penye baridi kwa dakika 30. Wakati huo nyuzi hulegea, na unga hautajikunja ukisukumwa wala kusinyaa ukiokwa.

Jambo la kukumbuka ni moja: katika pai, unga ukishashikana, mkono utoke.

Kijazo: maji ya embe yashughulikiwe kwanza

Embe lina maji mengi. Likitiwa bichi ndani ya ganda, maji hayo hutoka motoni na kuilowesha sehemu ya chini kabla haijaiva. Ndiyo maana anayeanza, hasa anayeokea kwenye jiko la makaa, anashauriwa kupika kijazo kwanza.

Kwa somo moja hutosha maembe 2 ya wastani, yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Yaliyolainika sana yafaa kwa sharubati. Embe lenye funza au harufu ya kuchacha litupwe lote, lisikatwe upande mmoja. Embe lililopondeka kidogo likianguka linaweza kutumika siku hiyo hiyo, baada ya kuoshwa na kuondolewa sehemu iliyopondeka.

Vipande vya embe, kiasi cha vikombe 2, vichanganywe na sukari vijiko vikubwa 2 au 3, maji ya ndimu kijiko kikubwa 1, iliki kidogo iliyotwangwa, na kijiko kikubwa 1 cha wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa pakiti unaotumiwa kutengeneza kastadi. Vyote viwekwe katika sufuria juu ya moto wa wastani na kukorogwa taratibu.

Wanga haushiki mpaka uchemke. Mwanzoni rojo huwa nyeupe kama maziwa. Ikichemka, weupe hutoweka, rojo huwa angavu na nzito. Hapo ndipo sufuria itolewe motoni. Kijazo kipoe kabisa kabla ya kutiwa ndani ya ganda, kwa sababu kijazo cha moto huyeyusha mafuta ya ganda papo hapo.

Kuoka bila oveni

Kukosa oveni si kizuizi. Nyumba nyingi za Pwani zimeoka mkate wa mayai na mkate wa sinia kwa makaa juu na makaa chini tangu zamani, na pai huokwa kwa njia hiyo hiyo.

Sufuria kubwa nzito, ikiwezekana kuukuu, iwekwe jikoni ikiwa na mchanga mkavu uliooshwa wenye kina cha sentimita 2, au vijiwe vitatu vya kuinua kibati. Ifunikwe kwa kifuniko bapa cha chuma na kupashwa moto kwa dakika 15. Kisha kibati cha pai kiwekwe ndani, kifuniko kirudishwe, na makaa yapaliwe juu yake.

Tofauti na mkate wa mayai iko kwenye moto wa chini. Mkate wa mayai huogopa moto wa chini, lakini pai inauhitaji, kwa kuwa ganda la chini ndilo linalochelewa kuiva. Moto wa chini uwe wa kadiri na wa kudumu. Makaa ya juu yaanze machache, yaongezwe baada ya dakika 20 ili kuipa pai rangi. Pai ndogo ya wazi huchukua kati ya dakika 35 na 45 kutegemea jiko na makaa. Mwenye oveni aanze na nyuzi 200 kwa dakika 20, kisha ashushe hadi 180 kwa dakika 20 au 25 nyingine.

Tahadhari moja isipuuzwe. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua. Kuoka kwa makaa kufanyike nje, barazani, au jikoni penye madirisha na mlango wazi, kamwe si katika chumba kilichofungwa. Watoto wawe mbali na kifuniko chenye makaa.

Hatua nne za mazoezi

Anayejaribu mapishi mapya kila wiki hujifunza polepole, kwa sababu kosa likitokea hajui limetoka wapi. Afadhali kurudia jambo moja mpaka mkono ulijue, kisha kuongeza jingine.

Masomo ya 1 hadi 4: ganda tupu. Unga ukandwe, upumzishwe, usukumwe uwe na unene wa milimita 3 hivi, ukatwe vipande, unyunyizwe sukari na kuokwa. Hakuna embe linalotumika. Watoto watakula vipande hivyo kama biskuti, na mpikaji ataonja kama ganda lake linavunjika au linatafunika kama chapati ya jana. Asihamie hatua ya pili kabla ganda halijavunjika vizuri mara mbili mfululizo.

Masomo ya 5 hadi 8: pai za nusu duara. Unga ukatwe duara ndogo, kijazo kijiko kimoja kiwekwe katikati, ukunjwe na kingo zibanwe kwa uma. Mkono uliozoea sambusa hautapata taabu hapa. Pai hizi huiva haraka, na ikipasuka moja nyingine husalia.

Masomo ya 9 hadi 12: pai ya wazi. Unga utandazwe katika kibati cha upana wa sentimita 18 hadi 20, usivutwe bali ulazwe, kisha utobolewe kwa uma sehemu ya chini. Kijazo kilichopoa kitiwe juu, pai iokwe. Hapa somo ni moto wa chini.

Somo la 13: pai ya kufunika. Hii hutumia vikombe 2 vya unga, kimoja cha chini na kimoja cha juu, na kijazo mara moja na nusu. Ganda la juu litobolewe matundu machache ili mvuke utoke.

Mtu anayeoka kila Jumamosi kuanzia mwanzo wa Desemba atamaliza masomo hayo kabla ya mwisho wa msimu. Unga uliobaki katika pakiti uwekwe ndani ya chombo kinachofungika, usiingie wadudu.

Daftari liwe karibu. Kila somo landikwe mistari minne tu: vijiko vya maji vilivyotumika, muda wa kupumzisha, makaa ya juu na ya chini, na ganda lilivyotoka. Wiki inayofuata kibadilishwe kitu kimoja pekee. Kama ganda lilikuwa gumu, apunguze maji na aache mengine yote yalivyokuwa. Akibadilisha maji, mafuta na moto kwa pamoja, hata pai ikitoka nzuri hatajua ni kwa nini, na wiki nyingine hataweza kuirudia.

Kosa linasema nini

Pai iliyoharibika hueleza yenyewe ilipoharibikia:

- Ganda gumu: maji yalizidi, au unga ulikandwa kupita kiasi.
- Ganda linamomonyoka kabla ya kuingia kibatini: maji yalipungua.
- Ganda limesinyaa na kushuka pembeni: unga haukupumzishwa, au ulivutwa kufikia kingo.
- Chini mbichi, juu kumeungua: makaa ya juu yalikuwa mengi, ya chini machache.
- Chini pamelowa ingawa pameiva: kijazo kilikuwa na maji mengi au hakikupoa.
- Kijazo kinamwagika pai ikikatwa: wanga haukuchemka, au pai ilikatwa ikiwa moto. Iachwe ipoe angalau saa 2.
- Mafuta yanachuruzika kibatini: yaliyeyuka kabla ya kuokwa. Wiki ijayo kazi ianze mapema zaidi.

Msimu ukiisha

Mazoezi yakikatika miezi saba, mkono husahau. Maembe yakiadimika, ganda ni lile lile na kijazo hubadilika. Nanasi lina maji mengi, kwa hiyo lipikwe muda mrefu zaidi kabla ya kutiwa wanga. Papai halina uchachu wa kutosha, liongezwe ndimu. Ndizi mbivu hazihitaji kupikwa kwanza, zikatwe na kunyunyizwa ndimu, sukari na mdalasini. Maembe mabichi, yale ya kachumbari na achari, hutoa pai yenye uchachu mzuri, ila yataka sukari mara mbili.

Katika joto la Pwani, pai ya matunda iliyofunikwa vizuri iliwe siku hiyo au kesho yake. Ikiwekwa katika friji yaweza kukaa siku 3. Pai yenye maziwa, malai au kastadi isikae nje ya friji.

Kabla ya kuuza

Pai zikianza kusifiwa na jirani, wazo la kuuza huja lenyewe. Ni wazo zuri, lakini lina wakati wake. Mteja aliyeuziwa pai yenye chini mbichi harudi, na huwaambia wengine. Kipimo kizuri ni hiki: mpikaji awe ameoka pai ile ile mara nne mfululizo, kwa vipimo vile vile, na zote nne zikatoka sawa. Moja nzuri kati ya nne bado ni bahati. Hesabu nayo ifanywe mapema: unga, mafuta, sukari, makaa, mfuko wa kufungia na saa za kazi, hata kama maembe yametoka shambani mwake.

Sheria pia ina nafasi yake. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouza chakula kwa umma. Kwa hiyo mkazi anayetaka kuuza aanzie kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lake, ambaye atamweleza kuhusu ukaguzi wa mahali pa kazi, leseni ya usafi wa chakula na kibali cha biashara. Wote wanaoshika chakula cha kuuza hupimwa afya na kupewa cheti, na upimaji hurudiwa kila baada ya miezi 6. Anayekusudia kupeleka pai zilizofungwa kwenye maduka makubwa atahitaji pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS.

Jedwali hilo hilo limeziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Anayetaka kufundishwa ana kwa ana aulize katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye kama kozi ya mapishi na uokaji inatolewa, na lini. Akienda akiwa na daftari lake la masomo, mwalimu atajua mahali pa kuanzia.

Wakazi wa mtaa mmoja wanaweza pia kujifunza pamoja, mmoja akileta unga, mwingine mafuta, mwingine makaa, na maembe yakitoka kwa mwenye mti. Wakiwa wanne, gharama ya kila somo hugawanywa na makosa huonwa na macho manane badala ya mawili. Kinachohitajika kuanza ni kikombe kimoja cha unga, robo kikombe ya mafuta, na asubuhi moja kabla jua halijawa kali.